Vumbi Linaloua Halina Jina la Kueleweka

Wanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu za upili hupenda kutambiana kwa neno moja refu ajabu: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Lina herufi 45, na anayelitamka bila kukwama hupigiwa makofi. Hata chuoni nimewasikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakilighani kama kibwagizo. Ninapowauliza maana yake, wengi hunijibu kuwa ni ugonjwa fulani wa mapafu, kisha hurejelea mchezo wao wa kuhesabu herufi.

Neno lenyewe lilizaliwa kwa mchezo. Mnamo Februari 1935, mjini New York, chama cha mabingwa wa mafumbo ya maneno kilikuwa na mkutano wake wa kila nusu mwaka. Rais wa chama hicho, Everett M. Smith, aliliunda kwa kuunganisha mizizi ya Kigiriki na Kilatini, shabaha yake ikiwa kupata neno linaloyapita yote kwa urefu. Gazeti likalichapisha, na baada ya muda kamusi kubwa zikalikaribisha. Maana liliyopewa ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika. Ilhali katika miaka iyo hiyo, katika jimbo la West Virginia la nchi iyo hiyo, wanaume walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa vumbi hilo, na kwenye vyeti vyao vya kifo paliandikwa maneno mengine kabisa.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa, maana ni nadra kukutana nacho katika vitabu vyetu. Mwaka 1930 kazi ya kuchimba handaki ilianza chini ya mlima wa Gauley, mahali paitwapo Hawks Nest. Kampuni ya Union Carbide ilitaka kuyageuza maji ya mto New yapite ndani ya mlima ili yazalishe umeme. Handaki lilikuwa la karibu kilomita 5. Huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kazi ilitafutwa kama tembo atafutavyo maji wakati wa kiangazi. Walikuja maelfu, wengi wao Wamarekani weusi kutoka majimbo ya kusini. Mwamba waliokuta ndani ulikuwa na silika kwa wingi usio wa kawaida, na kampuni iliifurahia, kwa kuwa silika ilihitajika katika kiwanda chake cha madini kilichokuwa karibu.

Kutoboa mwamba kwa mashine inayomwaga maji kwenye ncha kulijulikana tayari, na ilijulikana vilevile kuwa maji huliua vumbi kabla halijapaa. Lakini kutoboa kukavu ni kwepesi na kwa haraka, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwamba ilitobolewa kavu. Wafanyakazi walitoka wakiwa weupe kama watu waliomwagiwa unga. Ushahidi uliotolewa baadaye mbele ya kamati ya bunge la Marekani, mwanzoni mwa 1936, ulieleza kuwa wakubwa walipoingia kukagua walivaa vifaa vya kuzuia vumbi, na vibarua hawakupewa. Wengi waliugua katika muda wa miezi michache tu. Baadhi walizikwa katika shamba la mahindi mjini Summersville, bila alama ya maana ya kuwatambulisha.

Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Bango la ukumbusho lililosimamishwa kando ya barabara linataja vifo 109 vilivyokubaliwa, na kamati ya bunge ilitajiwa 476. Daktari Martin Cherniack, aliyezipitia upya kumbukumbu na kutoa kitabu mwaka 1986, alikadiria 764. Msomaji atauliza: inawezekanaje idadi ya maiti itofautiane kiasi hicho? Jibu moja ni kwamba wengi wa wafanyakazi walikuwa wageni, wakarudi kwao na kufia huko. Jibu la pili ndilo linalonihusu mimi kama mwanaisimu. Madaktari wa eneo hilo waliandika nimonia, waliandika kifua kikuu, na wengine waliuita ugonjwa huo kwa jina la kubuni lililotokana na neno handaki, kana kwamba ungesema "uhandaki". Jina hilo lilitaja mahali pa kazi na kuficha kisababishi. Ukiugua uhandaki, unayemlaumu ni mlima.

Sikusudii kudai kuwa maneno ndiyo yaliyowaua. Kilichowaua ni vumbi, na nyuma ya vumbi kulikuwa na haraka ya faida. Hata hivyo, ugonjwa usio na jina la kweli hauhesabiwi, na usiohesabiwa haulipiwi fidia wala haupigwi marufuku. Isitoshe, elimu ilikuwepo. Mwaka 1556 kilitoka kitabu cha Mjerumani Georgius Agricola kuhusu uchimbaji wa madini, na humo alieleza kuwa katika migodi ya milima ya Carpathia walipatikana wanawake walioolewa na waume saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakichukuliwa na ugonjwa wa vumbi. Na Agosti 1930, mwaka uleule Hawks Nest ilipoanza kutobolewa, Shirika la Kazi Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Johannesburg kwa mkutano wa kimataifa juu ya ugonjwa huu huu. Wataalamu walijua. Aliyeshika mashine ndani ya giza hakuambiwa.

Vumbi hili hufanya nini? Silika ni mchanganyiko wa silikoni na oksijeni. Imo kwa wingi katika mchanga, katika mawe ya matale, katika zege na hata katika matofali. Jiwe likiwa limelala halimdhuru mtu. Likipasuliwa, likitobolewa, likisagwa au likilipuliwa kwa baruti, hutoa chembe ndogo kiasi kwamba zile mbaya zaidi hazifiki mikroni 5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi tunaloliona likicheza kwenye mwale wa jua ni lile kubwa, ambalo pua na koo huweza kulinasa. Lile lisiloonekana hufika mwisho wa mapafu, kwenye vifuko ambamo hewa huingia katika damu. Seli za kinga hujaribu kulimeza, hushindwa kulimeng'enya, hufa, na mahali zilipofia hubaki kovu. Kovu juu ya kovu, pafu hugeuka gumu lisiweze kutanuka. Hakuna dawa ya kuliondoa kovu hilo.

Jambo linalowahadaa wengi ni muda. Kwa kawaida ugonjwa hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi. Vumbi likiwa zito sana, kama lilivyokuwa Hawks Nest, huweza kuua katika miezi. Na mapafu yenye makovu hayo ni nyumba iliyoachwa wazi kwa kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hii miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Kiasi kinachotosha kudhuru ni kidogo mno. Kiwango cha juu ambacho sheria ya Marekani imeruhusu tangu 2016 ni mikrogramu 50 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Mtu afanyaye kazi ya sulubu huvuta takriban mita 10 za ujazo katika zamu moja. Zidisha, mwanafunzi wa hesabu, nawe utapata nusu miligramu kwa siku nzima: uzito wa punje moja hivi ya sukari. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mwalimu anayetaka kuwashangaza wanafunzi wake aiweke punje hiyo mezani.

Sasa tuje kwa lugha yetu. Neno la kitaalamu silika, tunapoliandika kwa kanuni za matamshi ya Kiswahili, linagongana na neno tulilo nalo tangu zamani, lenye asili ya Kiarabu: silika, yaani tabia ya kuzaliwa nayo. Paka humvizia panya kwa silika. Mtu mpole tunasema ana silika njema. Basi mtoboaji mwamba akielezwa ajihadhari na "vumbi la silika", ataelewa nini? Yamkini atadhani anaambiwa vumbi hilo lina tabia fulani. Mwanafunzi wangu mmoja, aliyewahi kufanya kibarua cha likizo katika mradi mmoja wa ujenzi, alinieleza kwamba maneno hayo yalikuwa kwenye bango langoni na wenzake waliyafanyia mzaha: mvivu akisinzia kazini waliambiana kuwa ameingiwa na vumbi la silika. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Mzaha huo ni ushahidi kamili kuwa bango halikusomeka.

Kilatini chenyewe kilikuwa karibu na ardhi kuliko sisi. Silika ya kisayansi ilitokana na silex, jiwe gumu litoalo cheche, ambalo Waswahili huliita gumegume. Ningependa sana tuseme "vumbi la gumegume". Ni jina zuri, lina sauti ya kukwaruza inayolifaa jambo lenyewe. Lakini kijana wa Thika au Kitengela hajui gumegume ni nini, na bango la usalama si mahali pa kumfufulia msamiati. Pendekezo langu ni la kawaida kabisa: kwenye bango pasomeke "vumbi la mawe", na ugonjwa uitwe "ugonjwa wa vumbi la mawe". Daktari aandike silikosisi katika faili yake, maana anahitaji istilahi inayotambuliwa duniani kote. Kuna atakayenipinga kwamba mawe hayalingani, kwamba chokaa haina silika nyingi kama matale. Kweli. Lakini kibarua hana maabara mfukoni. Jina linalomfanya ajihadhari na mawe yote halimpotezei kitu.

Wapo wasemao kuwa istilahi haziwezi kuenea haraka miongoni mwa watu wa kawaida. Hao wakumbuke barakoa. Kabla ya mwaka 2020, Mkenya wa bara aliyelijua neno hilo alikuwa nadra. Lilikuwa neno la pwani, la kitambaa au kifuniko cha uso kivaliwacho na wanawake wa jamii fulani za Kiislamu. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali na vyombo vya habari vikalishika, na katika miezi michache hata mchuuzi wa mboga huko kijijini alikuwa akimkemea mteja asiye na barakoa. Neno husafiri upesi pale wenye sauti wanapolihitaji. Na wachimbaji wenyewe hawana uhaba wa ubunifu. Mererani, Tanzania, ambako huchimbwa tanzanaiti, mchimbaji huitwa mwanaapolo, na kila kipengele cha kazi yake kina jina lake. Watafiti wamelipima vumbi la migodi hiyo na kulikuta limevuka kwa mbali viwango vya usalama. Lugha ya mgodini ipo, hai kabisa. Kilichokosekana ni mtaalamu wa kuketi na wenyewe na kulitafutia vumbi nafasi ndani yake.

Lakini hilo hilo la barakoa limetuletea balaa jingine. Watu wameshazoea kuwa kitambaa chochote kilichofunika pua ni kinga. Kitambaa hicho, au ile ya buluu ya hospitali, huzuia matone ya mate. Chembe za mwamba hupenya. Kifaa kinachofaa ni kile chenye chujio maalumu, kinachobana uso pande zote, kilichojaribiwa kwenye uso wa mvaaji mwenyewe. Ndevu hukifanya kivuje. Chujio huziba na lazima libadilishwe. Na hata kikiwa bora, hicho ni ngao ya mwisho. Kabla yake kuna maji kwenye ncha ya mashine, kuna mabomba ya kuvuta vumbi pale pale linapozaliwa, feni za kuleta hewa safi, vyumba vya madereva vilivyofungwa na kuchujwa hewa, na subira ya kutorudi ndani baada ya baruti kulipuka hadi hewa isafishwe. Zege linalonyunyizwa kwenye kuta za handaki nalo hutoa vumbi lake. Kufagia kavu ni marufuku. Hulowekwa au kuvutwa kwa mashine. Nguo za kazi hazipelekwi nyumbani zikakung'utwe na mama watoto.

Nikiyatazama mabango ya miradi yetu kwa jicho la sarufi, naona jambo linalonikera. Karibu vitenzi vyote viko katika hali ya kuamuru, na anayeamriwa ni mfanyakazi: vaa barakoa, vaa kofia, chukua tahadhari, usalama ni jukumu lako. Mwajiri hana kitenzi. Hakuna mahali palipoandikwa "mwajiri atalowesha mwamba kabla ya kutoboa", "mwajiri atapima hewa na kuwasomea matokeo", "mwajiri atalipia picha ya kifua". Na mtu akiumia, ripoti huingia katika kauli ya kutendwa au ya kutendeka: ajali imetokea, vumbi limevutwa, afya imeathirika. Wanafunzi wa isimu waniletee mfano mmoja wa ripoti ambamo mtenda ametajwa, nami nitawanunulia chai.

Sheria yetu haisemi hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamweka mwenye mahali pa kazi kuwa mtenda mkuu: ndiye anayetakiwa kuhakikisha usalama, na ndiye anayetakiwa kutoa habari, maelekezo, mafunzo na usimamizi. Sheria hiyo inampa mfanyakazi wajibu wa kuripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali ambapo hatari hiyo bado ipo. Inamtaka pia daktari anayekutana na ugonjwa wa kazini atoe taarifa kwa mkurugenzi anayehusika. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika ibara ya 41 imempa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Tatizo ni kwamba haki ya kuripoti hatari humhitaji mwenye haki awe na neno la kuitaja. Mtu atasimamaje mbele ya msimamizi aseme anakataa kurudi ndani, ilhali anachoweza kukitaja ni "vumbi" tu, na vumbi liko hata barabarani kwao? Atacheka msimamizi, na watacheka wenzake.

Daktari naye yumo katika kiwingu hicho hicho. Katika Kiswahili cha kila siku tunasema mtu "ana kifua", na neno hilo moja hubeba mafua, pumu, kifua kikuu na mengine yote. Mgonjwa anayekohoa na kukonda katika zahanati ya mashambani hupimwa kifua kikuu, na ni sawa apimwe. Swali ambalo lingebadilisha mambo ni fupi: umewahi kufanya kazi gani? Lingekuwa limechapishwa kwenye kadi ya mgonjwa, tungejua mengi.

Afrika Kusini ilichukua zaidi ya karne moja kufika kwenye swali hilo mahakamani. Wachimba dhahabu walikusanywa kutoka Lesotho, Msumbiji, Malawi na Eastern Cape, wakafanya kazi, wakaugua, wakarudishwa vijijini wakohoe huko mbali na macho ya kampuni. Mwaka 2016 mahakama kuu ya Johannesburg iliwaruhusu washtaki kwa pamoja, mwaka 2018 kampuni zilikubali fidia ya kiasi cha randi bilioni 5, na mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano hayo. Kazi iliyofuata, ya kuwatafuta wagonjwa na warithi wao vijijini, imekuwa ngumu kuliko kesi yenyewe, kwa kuwa kumbukumbu za nani alifanya kazi wapi zilikuwa pungufu na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Sisi tunachimba zaidi sasa kuliko wakati wowote. Handaki la umeme la Sondu-Miriu lina urefu wa zaidi ya kilomita 6. Handaki la reli huko Ngong, kwenye njia ya kwenda Naivasha iliyofunguliwa Oktoba 2019, lina takriban kilomita 4 na nusu. Lile la kukusanya maji ya mito ya Murang'a na kuyapeleka bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi linakaribia kilomita 12. Mawe yake si ya Hawks Nest, na sidai kuwa kuna aliyeugua. Nasema tu kwamba maelfu ya vijana walioingia humo wameshatawanyika: mmoja anaendesha bodaboda Kiambu, mwingine amerudi kulima Vihiga, wa tatu yuko Doha kwenye ujenzi mwingine. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalianzisha mwaka 1995 mpango wa kuung'oa ugonjwa huu duniani ifikapo 2030. Kwa ugonjwa unaokawia miaka kumi au zaidi, huo ndio mwaka ambao waliochimba Ngong wangeanza kukohoa, kama wapo watakaokohoa. Je, kuna daftari la majina yao lenye kuonyesha nani alitoboa, kwa miezi mingapi, na picha ya kifua aliyopigwa siku aliyoingia na siku aliyotoka? Kama lipo, Wizara ya Kazi iseme linatunzwa ofisi gani, ili daktari wa Vihiga ajue pa kupiga simu.